Mchezo Ulionivusha Kizingiti cha Mwanangu

Jumanne, saa tisa alasiri. Mvua imekatika, lakini ukungu haujaondoka kwenye ukingo wa Manga. Kutoka mezani pangu siuoni hata mparachichi ulio hatua kumi tu kutoka dirishani.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo, nimelitazama, na sitalifuta. Kwa miaka thelathini na minne nilifundisha Kiswahili katika shule za Nyamira na Kisii, na niliwakataza wanafunzi kutaja hisia kabla ya kueleza tukio. Basi nieleze tukio.

Leo asubuhi niliingia katika nyumba ya mwanangu.

Msomaji wa kwingine atauliza kosa liko wapi. Kwetu Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni sehemu ya chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya mzazi na mwana, na zaidi baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Nyumba ya Makori iko hatua arobaini kutoka kwangu. Mahali pa kujenga nilimwonyesha mimi, na mafundi wa msingi niliwasimamia mimi. Lakini tangu alipooa, miaka kumi na miwili sasa, sikuwahi kuona ndani yake. Nikiwa na neno husimama uani nikakohoa, naye hutoka, au mkewe hutoka. Ndivyo baba yangu alivyonifanyia mimi. Alikufa bila kujua rangi ya viti vyangu.

Viti vya Makori ni vya kijani. Leo nimejua.

Na kilichonipeleka ni mchezo wa video. Nina umri wa miaka sabini na miwili.

Mwaka jana nilipatwa na kiharusi, nacho kikaondoka na nguvu za mkono wangu wa kulia. Binti aliyenifundisha mazoezi ya viungo aliniambia vidole visikose kazi hata siku moja. Akanipa mpira mdogo wa kuminya. Niliuminya kwa wiki mbili nikauchukia. Nikaanza kuambua maharagwe, nikaambua ya kwangu, nikaambua ya Makori, nayo nikayachukia. Mkono ukabaki kama glavu iliyojazwa mchanga.

Shule zilipofungwa, mjukuu wangu Moraa, mtoto wa kwanza wa Makori, mwenye miaka kumi na mmoja, alihamia kwangu mchana kutwa pamoja na mashine yake ya michezo na televisheni ya baba yake. Kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni. Kuna utani tu, na Moraa hana huruma.

"Sokoro, wewe na hiyo mpira yako mnaboesha," alisema. Sokoro ni babu. "Shika hii."

"Mpira wako, si mpira yako."

"Shika kwanza. Utasahihisha baadaye."

Nikakishika kidhibiti. Tulianza na mchezo wa kandanda, nikasinzia. Tukaenda kwenye mashindano ya magari, nikaingia mtoni mara tatu. Ndipo akafungua ule mwingine. Jina lake ni la Kiingereza na sitaliandika hapa. Mimi na Moraa tunauita Mchezo wa Kaa la Moto.

Hadithi yake ni fupi. Bikizee mmoja anabeba kaa la moto ndani ya chungu, kutoka kijiji hadi kijiji, milimani, wakati wa mvua. Vijiji vyote vimezimikiwa moto. Anapaswa kulikinga kaa kwa mgongo wake, kwa majani, kwa mapango, na kulipulizia pumzi, si nyingi wala si chache. Hakuna bunduki. Hakuna anayekuambia upite wapi. Ukisimama kwa muda bila kubonyeza chochote, bikizee anakaa juu ya jiwe na kuusugua mguu wake wa kushoto. Nilimtazama akiusugua kwa dakika nzima siku ya kwanza, kwa sababu mama yangu alikuwa akiusugua vivyo hivyo.

Mama ndiye aliyekuwa akinituma kwa jirani kuomba moto, nikiwa na kigae na jani la mgomba. Yeyote aliyeutunga mchezo huu anajua jinsi kaa linavyokuwa jekundu upande wa upepo na jeusi upande wa pili. Sijui alijulia wapi.

"Limezimika tena, Sokoro," Moraa alikuwa akiniambia. "Mara ya sita. Mwalimu mzima huwezi kubeba moto."

"Sisi tulibeba moto wa kweli."

"Ndiyo maana mlikuwa mnakula chakula baridi."

Na jambo jingine. Bikizee huyo haingii katika nyumba ya mtu. Akifika kijijini huweka kaa kizingitini, hurudi nyuma hatua tatu, na mkono hutoka mlangoni kulichukua. Hakuna maelezo. Moraa aliona ajabu. Mimi nilimwambia kwamba mtunzi wa mchezo huu alilelewa vizuri.

Katika wiki tatu vidole vyangu vilifunguka. Nilianza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kile cha juu kabisa, chini ya kidevu. Yule binti wa mazoezi aliuliza nilikuwa nikifanya nini. Nikamwambia naambua maharagwe.

Nilikuwa nimeanza kuona haya tayari.

Kwa maana watu wananijua. Nimesimama mbele ya wanafunzi na mbele ya waumini, nikasema michezo hii ni wizi wa akili za watoto. Makori mwenyewe nilimnyang'anya kijichezo chake cha mkononi alipokuwa darasa la saba, nikakivunja kwa jiwe huku akitazama. Kwa hiyo shule zilipokaribia kufunguliwa, Makori alipokuja kuchukua mashine, akasimama mlangoni, akaniita Tata, yaani baba, na kuuliza kwa upole, "Tata, au tuiache hapa uendelee?", mimi nilikuwa nimeketi na wazee wawili wa kanisa wakinywa chai. Nikajibu, "Niendelee na nini? Toa kitu hicho. Hii si nyumba ya watoto."

Moraa alinitazama.  Alikizungushia kidhibiti waya wake taratibu na kukibeba kama mtu anayebeba sahani ya mgeni.

Kilikuwa kimebaki kijiji kimoja tu.

Wiki tatu zilizofuata nilijaribu michezo mingine. Binti yangu aliye Nairobi alinitilia michezo mitano kwenye simu. Upo wa kupanga vito vya rangi. Ukipanga vitatu tu, simu inapiga vigelegele na kuandika "Hongera". Hongera ya nini? Sikuwahi kumpa mtoto alama kwa kuandika jina lake juu ya karatasi. Upo wa shamba ambamo mahindi hukomaa kwa sekunde nane. Upo wa ndege wanaorushwa kwa manati. Kila mmoja niliufungua, nikaucheza kwa dakika chache, nikahisi kama mtu aliyezoea chai ya kwetu iliyochemshwa na maziwa, sasa amepewa maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe kilekile.

Mchezo ule mmoja ulikuwa umeiharibu mingine yote. Si mingine tu. Hata draft, ile ya kete za ubaoni niliyoicheza na jirani yangu kila Jumapili kwa miaka ishirini, ilianza kunichosha. Nilikuwa namtazama akifikiria, nami nafikiria mvua ya mlimani, ile ya kwenye kioo.

Na mkono ukaanza kurudi nyuma. Jumatano iliyopita kifungo cha juu kilinishinda. Nilisimama mbele ya kioo nikijaribu hadi jasho likanitoka, kisha nikaenda kanisani na shati wazi shingoni, nikasema ni joto. Asubuhi ya Manga, joto.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba ni mkono. Nimejiambia hivyo mara nyingi hadi leo saa tatu. Lakini hii ni shajara, na kwenye shajara mtu asijidanganye: mpira wa kuminya upo kwenye dirisha, na maharagwe yapo guniani. Kama ni mkono, kazi ilikuwapo.

Saa tatu asubuhi Makori alikuwa ameshakwenda dukani kwake Mosocho. Moraa alikuwa shuleni. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Moraa, alikuwa amebeba kikapu cha majani chai kwenda kwenye kituo cha kuyapimia, na mtoto wao mdogo, Ombati, mgongoni. Ombati ana miezi minane. Huko kituoni foleni ni ndefu, na kwa kawaida harudi kabla ya saa sita. Ufunguo najua unaning'inia wapi. Uko kwenye msumari nyuma ya pipa la maji, pamoja na ufunguo wa jiko lao, ambalo limejengwa kando.

Nilivua viatu nje ya mlango. Niliiegemeza bakora yangu ukutani. Nilisema kimoyomoyo kwamba nitacheza kijiji kile kimoja tu, kisha mambo haya yote yatakwisha. Nikaingia, nikaziweka funguo mezani, nikaketi kwenye ncha ya kiti cha kijani kama mgeni.

Kaa lilikuwa pale tulipoliacha, likiwaka.

Sitaeleza mlima wa mwisho. Nitasema tu kwamba mvua yake ni kubwa kuliko zote, na kwamba nilijikuta nimeinamisha mgongo wangu mwenyewe mbele ya televisheni ili kumkinga bikizee. Mvua ilinguruma juu ya mabati. Niliisikia. Nilidhani ni ya mchezo.

Kisha nikamfikisha pangoni, mvua ya kwenye kioo ikanyamaza, na ile nyingine haikunyamaza.

Ndipo nikasikia kikohozi. Si cha mtu mzima. Kilikuwa kidogo, chepesi, kama cha kitoto cha mbuzi, na kilitoka ukutani, chini ya dirisha. Halafu sauti ya Mama Moraa, ya chini sana.

"Hodi, Tata."

Alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Sikujibu. Kuna jibu moja tu la hodi, nami sikuwa na haki ya kumkaribisha mtu kwake. Nilikaa na kidhibiti mkononi. Baada ya muda akasema tena, kama mtu anayezungumza na mvua:

"Imepungua, Tata. Mimi niko nyuma ya jiko."

Nikasikia miguu yake ikienda nyuma ya jiko, ili nitoke bila kuonana naye uso kwa uso. Nilizima mashine. Nilizirudisha funguo msumarini. Nilikwenda nyumbani kwangu bila viatu, bila bakora, kama mwizi, na sikugeuka nyuma.

Lakini nilipokuwa nikitoka niliona nyayo zake. Upenu wa nyumba ile ni mwembamba, hauzidi mkono mmoja. Ni mimi niliyewaambia mafundi wasipoteze mabati. Chini yake, kando ya dirisha, palikuwa na nyayo mbili zilizozama matopeni, zimejaa maji. Visigino vilikuwa upande wa ukuta. Alisimama akilipa dirisha mgongo, asinione. Nyayo za mtu aliyesimama kidogo hazizami hivyo.

Kwa nini hakunikatiza mapema? Kwa sababu kunikatiza ni kunikamata. Kwa nini hakuingia jikoni? Kwa sababu ufunguo wa jiko ulikuwa ndani, mezani, mbele yangu. Kwangu nilikuwa nimefunga. Angekwenda kwa jirani, jirani angeuliza mbona yeye na mtoto wamelowa wakati nyumba yao iko pale. Basi alisimama. Aliitunza heshima yangu kwa mgongo wake na wa mtoto, huku mimi nikilitunza kaa la mchezo.

Muda mfupi baadaye nilisikia kitu kikiegemezwa mlangoni pangu. Nilipofungua, hapakuwa na mtu. Palikuwa na viatu vyangu na bakora yangu, vimepanguswa.

Saa saba pikipiki iliingia uani. Mama Moraa alitoka na Ombati ndani ya blanketi, na safari hii mtoto hakuwa akikohoa. Alikuwa akivuta pumzi kwa sauti ya filimbi, na mbavu zake zikiingia ndani. Mwezi uliopita tu alilazwa siku tano kwa nimonia.

"Tata, kifua cha mtoto kimeziba," alisema akitazama chini. "Nampeleka hospitali."

"Nenda, mama," nilisema. 

Tangu wakati huo nimekaa hapa. Simu iko karibu na karatasi. Wazee wetu walisema kwamba anayevunja chinsoni huwaletea madhara watoto wa nyumba hiyo, si yeye mwenyewe. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kuwa hizo ni hofu za watu wasiosoma. Leo sihitaji laana wala mizimu kuniunganishia mambo. Nilifunga mlango, mtoto akanyeshewa, kifua kikaziba. Hata mtoto wa darasa la tatu ataiona sababu na matokeo.

Mchezo ulioheshimu vizingiti vyote ndio ulionivusha cha mwanangu.

Saa kumi. Moraa amerudi kutoka shuleni, amekuta kwao kumefungwa, amekuja kwangu. Nimempa ndizi mbivu na kumwambia mdogo wake yuko hospitalini. Amekula nusu, akaacha.

"Sokoro, mbona leo hunitanii?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia yeye kwanza, lakini ndiye aliyeuliza. Nilimwambia yote, hata nyayo. Alisikiliza akiwa ameshika ganda la ndizi kwa mikono miwili.

"Uliingia kwetu kwa sababu ya game?"

"Ndiyo."

"Na mama alikuwa nje na Ombati?"

"Ndiyo."

Aliliweka ganda mezani. "Si ungesema tu tukuletee," alisema. "Tata alikuuliza. Mimi nilisikia."

Sijawahi kupewa alama ya chini namna hiyo, na iliyo ya haki namna hiyo.

Kisha, kwa kuwa ni mtoto, akauliza kama nilifika kijiji cha mwisho. Nikamwambia sikufika. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa karibu na mlango, mahali anapoweza kuiona barabara.

Saa kumi na moja kasorobo. Makori amepiga simu. Ametoka Mosocho moja kwa moja hadi hospitalini.

"Tata, usiwe na wasiwasi. Wamemwekea mvuke, kifua kimefunguka, sasa amelala. Wanamwangalia kidogo kisha tunakuja nyumbani."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Moraa akanisikia, akaanza kulia sasa, wakati wa habari njema.

"Lakini huyu mama yao nimemgombeza," Makori akaendelea. "Unatembeaje na mtoto kwenye mvua kama ile, Tata? Eti ilimkuta njiani kutoka kituo cha chai. Si angejikinga mahali? Hana la kusema, ananyamaza tu."

Nilikuwa nimeishika simu kwa mkono wa kulia. Haikuanguka. Vidole viliishika vizuri, vyote vitano, na nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nikasema, "Njooni salama."

Hilo ndilo kosa la pili la leo, na hili halikuwa na mchezo ndani yake.

Kwa hiyo sasa naogopa jambo jingine. Mtoto anapumua, hofu ile imepungua. Naogopa uso wa Makori, ambaye alitazama kijichezo chake kikivunjwa kwa jiwe na mtu huyu huyu. Namwogopa zaidi Mama Moraa, ambaye atanisikia nikiyataja mambo aliyoyaficha kwa gharama kubwa, na huenda asiweze tena kunisalimia. Na naogopa jambo la tatu, ambalo nalo nitaliandika kwa sababu nisipoliandika nitalikana: hata Ombati alipokuwa akipumua kwa filimbi, kipande kidogo cha akili yangu kilikumbuka kwamba nilizima mashine kaa likiwa bado linawaka.

Je, wakinisamehe na kuniletea mashine hapa, nitaishika? Sijui. Kesho asubuhi nitaanza na mpira wa kuminya na gunia la maharagwe, na nitavumilia kuchosha kwa kazi hiyo kama wenzangu wanavyovumilia. Nitamwalika jirani tucheze draft, hata kama si Jumapili. Zaidi ya hapo siahidi.

Ukurasa huu sitauweka kwenye blogu ninakoweka shajara hii kabla ya kusema kwa kinywa. Ukiwa unausoma, basi nilisema.

Saa kumi na mbili na robo. Moraa amesimama mlangoni na kusema pikipiki inapanda kilima. Nimevaa koti. Kifungo cha juu kimenishinda, na nimekiacha hivyo.

Nitasimama uani, pale baba anaposimama, nitakohoa, na kabla hawajaufungua mlango nitamwambia mwanangu mkewe alikuwa amesimama wapi. Nyayo bado zipo. Kesho itakuwa na hofu zake. Hii ya leo sitaiacha ilale nje.